Lushoto kwa siku chache: Irente, Magamba, Soni au Mtae?

Agosti moja nilimkuta baba mmoja na familia yake ukingoni Irente, mwamba wa kutazamia bonde nje ya mji wa Lushoto, saa 2 asubuhi, wamesimama mbele ya ukungu mweupe kama shuka lililoanikwa. Walikuwa wametoka Dar es Salaam siku iliyotangulia, wakalala mjini, wakaamka na giza ili wawahi. Chini ya miguu yao palikuwa na shimo la karibu mita 1,000 na tambarare yote ya Mazinde, lakini hawakuona hata ncha ya mti. Walingoja nusu saa, mtoto mdogo akaanza kulia baridi, wakarudi garini. Mchana walikuwa na ratiba ya kwenda msitu wa Magamba, yaani saa ambayo mbega, jamii ya nyani wenye mikia myeupe, wameshatulia ndani kabisa ya msitu na mwongozaji anabaki kuonyesha miti tu. Laiti wangegeuza ratiba, asubuhi msituni na jioni ukingoni, siku ileile na mafuta yaleyale, wangeondoka na vyote viwili.

Wanaoniuliza kuhusu Lushoto huuliza wapi kuzuri. Mimi huwajibu kwa maswali matatu: mna siku ngapi, mna miguu ya namna gani, na mko tayari kuamka saa ngapi? Nimezunguka huko mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba saa unayofika mahali ina uzito kuliko mahali penyewe. Kwa hiyo nitalinganisha kwa kufuata saa, miguu na siku.

Mji wenyewe

Lushoto iko Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Unaiacha barabara kuu ya Moshi pale Mombo, penye joto na vumbi, kisha unapanda kilomita 33 za kona. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde na mto chini kabisa. Ukifika Soni utakuta abiria wote wameshafunga madirisha. Wajerumani waliupenda ubaridi huu, wakauita mji Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 safari ya kuja kupumzika huku ikawa nyepesi kwao.

Mji ni mdogo. Stendi, soko, misikiti, makanisa, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, majengo machache ya zamani yenye kuta nene, na mikaratusi mirefu kandokando ya barabara. Saa moja inatosha kuuzunguka. Siku za soko, Alhamisi na Jumapili, unachangamka kweli: akina mama wanateremka kutoka vijijini na karoti, kabichi, viazi, na msimu ukifika, plamu, pichi na peasi kwenye matenga. Ukiweza kupanga siku mojawapo ya hizo iangukie kwenye safari yako, panga. Ila vivutio vyenyewe viko nje ya mji.

Irente: pa jioni

Kutoka mjini hadi ukingo wa Irente ni kilomita 6 hivi kupitia Yoghoi. Kwa miguu, bila kukimbizana, ni saa moja na nusu hadi mbili. Njia ni ya gari, inapita katikati ya nyumba na mashamba, na haina mpando wa kumkatisha mtu tamaa. Bodaboda inakufikisha upesi.

Kisha ardhi inakatika. Hakuna mteremko wa kukuandaa. Unatembea kwenye mwamba, na hatua kadhaa mbele hakuna kitu. Chini kabisa mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari kama kitambaa cha milia, barabara kuu ni uzi, na malori yanayokwenda Moshi na Arusha ni punje zinazosogea polepole hadi unashangaa kwamba dereva ndani yake anadhani anakimbia. Upepo unapanda kutoka bondeni ukiwa na joto la huko, unakupiga usoni kabla hujarudiwa na baridi ya mgongoni.

Asubuhi, hasa Juni hadi Agosti, ukungu unaweza kukaa hapo hadi saa 4 au zaidi. Adhuhuri ukungu haupo, lakini joto la tambarare linatia utusitusi na rangi zote zinakuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kuanzia saa 10 alasiri jua linaanza kulala upande wa magharibi, ambako ndiko ukingo unakotazama. Mistari ya mkonge inatoa kivuli, vilima vidogo huko chini vinaonekana vina umbo, na ukivumilia hadi jua lizame utaona kwa nini watu hurudi. Beba tochi, na mwendesha bodaboda mpatane mapema akurudie, maana giza likiingia hapapatikani usafiri kirahisi.

Jambo moja la kusisitiza kwa wenye watoto: usitegemee uzio. Mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wote, na vijana wanaotaka picha ya kukaa miguu ikining'inia wakatazwe bila aibu.

Kabla ya kufika ukingoni kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, na mimi naliweka kama kivutio kamili peke yake. Wanatengeneza jibini, jamu na mkate mweusi wa rai, na chakula cha mchana unaweza kuagiza ukala nje kwenye bustani. Mkate ule ni mzito, unakatika kwa shida, una uchachu kidogo. Ukipakwa jibini laini na jamu juu yake, vipande viwili vinakutosha hadi usiku. Nilimpeleka mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Alikaa chini ya mti, akala, akatazama maua, akasema, "Mimi nimefika, nyie nendeni mkaone shimo lenu." Tuliporudi alikuwa ameshapata rafiki, mama mwenzake wa Kishambaa, wanapimana umri wa wajukuu. Kwa mzee asiyeweza kutembea mbali, sijaona mahali Lushoto panapomfaa kuliko hapo.

Magamba: pa asubuhi

Msitu wa Magamba uko upande mwingine wa mji, chini ya kilomita 10 kwa barabara inayozidi kupanda. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ina zaidi ya hekta 9,000, na sehemu zake za juu zinapita mita 2,000. Kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo weka salio kwenye simu yako ukiwa bado mjini, usisubiri kuhangaika na mtandao getini. Mwongozaji mchukue. Njia zinagawanyika ndani, ukungu ukishuka zote zinafanana, na zaidi ya hapo macho ya mgeni hayaoni nusu ya kilichopo.

Uwe getini mapema kadiri utakavyoruhusiwa. Mbega huanza kusikika kabla ya kuonekana. Alfajiri dume hutoa mngurumo mzito wa kukwaruza, kama pikipiki inayokataa kuwaka, na mwingine anamjibu kutoka kilima cha pili. Ukifuata sauti unasimama chini ya mti, unatazama juu hadi shingo iume, huoni kitu. Kisha unagundua kwamba zile nyuzi nyeupe ulizodhani ni ndevu za mti ni mikia. Wako wanne, watano, wamekaa kimya wanakutazama, na mmoja akiruka matone ya umande yanakumwagikia kama mvua ya dakika moja. Jua likishapanda wanakaa ndani zaidi, na saa 7 mchana unaweza kutembea kutwa usipate zaidi ya kima wawili wakikimbia.

Vinyonga ndivyo vinavyonishangaza kila mara. Mwongozaji anasimama ghafla kwenye kichaka nilichokipita, anaonyesha kidole, natazama jani. Ananiambia, "Tazama vizuri, kaka." Natazama tena, na jani lina jicho linalozunguka. Usambara kuna kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, na ukimwona anavyosogea, mguu mmoja mbele, nyuma, mbele, kama anayepima kina cha maji, utasahau ratiba yako.

Kwenye miamba yenye unyevu, mwongozaji mzuri atakutafutia ua dogo la zambarau lenye majani yenye manyoya. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi Saintpaulia. Maua yanayouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani yametokana na milima hii. Mimi nililiona kwa mara ya kwanza likiwa chini ya jiwe linalovuja maji, dogo kuliko kifuniko cha chupa, na nilijisikia fahari ambayo sikuitegemea.

Ndani ya msitu kuna njia fupi za saa mbili au tatu na njia ndefu za siku nzima, ikiwemo barabara ya zamani ya wapasua mbao na mapango yanayohusishwa na Wajerumani wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Mapango hayo usiyaendee peke yake ukidhani ni kivutio kikubwa. Yachukue kama kituo cha kupumzikia katikati ya msitu. Ukubwa wa Magamba uko kwenye miti mikubwa ya mikulo na mipodo, kwenye kangaga zilizokua zikawa na shina kama mgomba, na kwenye ukimya.

Ukiviweka ubavu kwa ubavu

Ukungu ndio tofauti ya kwanza. Irente ukiwa na ukungu hupati chochote. Magamba ukungu unaongeza kitu. Msitu unanong'ona, kila jani linadondosha maji. Kwa hiyo siku ikianza na wingu zito, usisite, nenda msituni.

Miguu: Irente panamfaa karibu kila mtu. Magamba pana mizizi iliyojitokeza, utelezi na mpando, na viatu vya ngozi vya kwendea ofisini vitakuangusha. Watoto wa miaka 8 kwenda juu wanaiweza njia fupi vizuri, wengine wanawapita wazazi wao. Wa chini ya hapo wataishia mgongoni kwako.

Gharama: Irente kuna gharama ndogo, na unaweza kwenda bila mwongozaji. Magamba una kiingilio na mwongozaji, na mkiwa wengi mnagawana. Niliwahi kumlipa kijana mmoja aliyenifuata stendi akisema ni mwongozaji wa msitu, tukafika getini hatambuliki na mtu. Siku hizi napatana na mwongozaji ofisini au getini, naona kitambulisho, ndipo natoa hela.

Picha: hili watu hawapendi kulisema, lakini linaamua safari za wengi. Irente simu yoyote itakupa picha ya kuweka sebuleni. Magamba simu ya kawaida inatoa ukijani tu na kidoa cheupe unachowaeleza watu ni mbega. Raha yake haibebeki kwenye simu.

Ukiniambia nichague moja tu, kwa mtu mwenye miguu yake nasema Magamba. Mandhari ya kutazama bonde utayapata hata kwenye barabara ya kupandia. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita huko Kenya hadi Udzungwa, na una viumbe ambavyo havipo popote pengine duniani. Kuna ndege kadhaa wanaobeba jina la Usambara kwa sababu hiyohiyo, na watazamaji wa ndege huvuka bahari kuja kuwasikia. Sisi tuko saa chache tu kutoka hapo.

Soni na Vuga: vya njiani

Maporomoko ya Soni yako karibu na barabara ya Mombo na Lushoto. Yanafaa kusimama, kunyoosha miguu, kunywa chai mjini Soni na kuendelea. Baada ya mvua yana nguvu na sauti, kiangazi yanapungua. Sishauri kutoka Lushoto kuyafuata hasa, isipokuwa una watoto waliochoka kukaa ndani.

Vuga ni jambo lingine. Ilikuwa makao makuu ya Wakilindi waliotawala Washambaa. Masimulizi yanasema Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, alipokewa na watu wa milimani kwa sababu aliwagawia nyama na kuwalindia mashamba, hadi wakamfanya mtawala. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, utawala huo ulifika mbali hadi karibu na pwani, na mmisionari Krapf alimtembelea hapo mwaka 1848. Kwa macho matupu utaona kijiji cha mlimani kama vingine. Kwa hiyo Vuga inategemea msimuliaji. Ukimpata mzee wa kukusimulia, ukamwamkia kwa adabu na kukaa bila haraka, inaishinda Irente kwa mbali. Ukienda na kundi linalotaka kuona kitu na kuondoka, watakulaumu.

Mtae: usiku mmoja, la sivyo acha

Mtae iko mwisho kabisa wa milima upande wa kaskazini magharibi, zaidi ya kilomita 60 kutoka Lushoto kupitia Lukozi. Kwa basi ni saa tatu na zaidi, na mvua ikinyesha usihesabu. Watu huniuliza kama wanaweza kwenda na kurudi siku moja. Kwa gari binafsi inawezekana, ila utafika saa 6 mchana, yaani saa mbaya kuliko zote, utapiga picha ya utusitusi na kugeuza. Bora uache.

Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Kuna mahali barabarani unageuza kichwa kulia unaona shimo, unageuza kushoto unaona shimo jingine. Upande mmoja ni tambarare ya Mkomazi inayoenda kuungana na Kenya, upande mwingine ni bonde na milima ya Upare ng'ambo yake. Irente unaona upande mmoja. Mtae umesimama kwenye makali ya kisu.

Kulala huko ndiko kunakoleta tofauti. Jioni watoto wanarudisha mbuzi, moshi wa kuni unatoka kwenye mapaa, halafu baridi inashuka kwa nguvu ambayo mtu wa Tanga mjini haijui. Alfajiri kabla sijaamka vizuri nilisikia honi ya basi, ikapigwa tena na tena kijiji kizima, kwa sababu mabasi ya kutoka Mtae huondoka usiku wa manane ukikaribia asubuhi. Niliwaacha waende, nikavaa sweta mbili, nikatoka nje. Mbingu ilikuwa safi. Mbali sana, juu ya mstari wa Upare, palikuwa na kitu cheupe kinachong'aa ambacho nilikidhania wingu hadi mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe akasimama. "Onga maundo," akanisalimu kwa Kishambaa. Nikamwamkia shikamoo. Akaonyesha kwa kidevu, akasema, "Kilimanjaro hiyo. Saa 2 haipo tena." Na kweli, saa 2 haikuwepo.

Kwa hiyo Mtae inamfaa mwenye usiku wa ziada, asiyehitaji hoteli ya kifahari, na anayeweza kuamka. Kama huwezi kuamka kabla ya jua, hela na uchovu wa barabara ile havitakulipa. Jirani yake kuna Mambo, nayo ina mandhari ya ukingoni ya aina hiyohiyo na malazi yaliyojengwa kwa ajili ya wageni. Wenye familia huenda wakajisikia nafuu zaidi kulala huko.

Mlalo naipitia kwa haraka tu, maana iko kwenye tawi lingine la barabara na wengi hawaifiki. Ni mji wa kale wa bondeni wenye nyumba za udongo za ghorofa, baadhi zikiwa na baraza za mbao zilizochongwa, na Wamisionari wa Kijerumani walijenga kituo chao hapo mwaka 1891. Anayependa majengo na historia ya kawaida ya watu, kuliko mandhari, apeleke siku yake huko.

Kwa basi, kwa baiskeli au kwa miguu?

Lushoto hadi Mtae kwa miguu ni safari ya siku 3 hadi 4. Unapita msituni, unatokea vijijini, unalala Lukozi, au Rangwi kwa masista, unaendelea. Katika vyote nilivyoandika hapa, hiki ndicho kinachokaa rohoni muda mrefu zaidi. Unakula kilichopikwa kijijini, unavuka mashamba ya kabichi yaliyokaa kwenye mteremko mkali hadi unajiuliza mkulima anashikilia nini, na unaona jinsi mvua, udongo na watu vinavyogombea nafasi moja. Lakini usijidanganye kwamba ni matembezi. Kuna siku za saa 6 au 7 za kupanda na kushuka. Kama hujatembea kwa muda mrefu, chukua siku moja tu ya mguu, kutoka mjini kupitia Magamba, kisha upande basi.

Baiskeli za milimani zinakodishwa mjini kupitia waongozaji. Zinafaa kwa njia ya Irente na barabara za vijijini kiangazi. Kagua breki mwenyewe, kwa kuzikamata kabisa ukiwa unateremka kidogo, kabla ya kulipa. Milima hii haisamehi breki mbovu.

Basi ni la gharama nafuu na ndilo la wenyeji. Utakaa na gunia la viazi miguuni, utasikia habari zote za tarafa, na ukimshukuru jirani yako kwa "hongea" atakufungulia mazungumzo hadi kituoni.

Msimu

Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo zinakuwa sabuni. Magamba inatembeka kwa shida na Mtae uiahirishe. Juni hadi Agosti ni baridi kali ya milimani: usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, asubuhi ni ukungu, ila njia ni kavu kiasi na msitu uko hai. Septemba na mwanzo wa Oktoba ndio muda ninaoupenda kwa Mtae, kwa sababu alfajiri zake mara nyingi ni safi. Vuli ikianza mvua huja alasiri, kwa hiyo Irente ya jioni inakuwa bahati nasibu, lakini maporomoko yanarudi uhai. Desemba hadi Februari ni plamu sokoni, hewa ya kupendeza, na wageni wengi wa likizo. Weka nafasi ya kulala mapema.

Ningekuwa mimi

Ukiwa na usiku mmoja: lala mjini, saa 12 asubuhi uwe njiani kwenda Magamba, chukua njia fupi, rudi upumzike, saa 8 mchana ule shambani Irente, saa 10 na nusu uwe ukingoni. Soni uisimamie siku ya kuondoka.

Ukiwa na wazazi wazee au mtoto mchanga: achana na Magamba kabisa bila kujilaumu. Fanya Irente shambani iwe siku nzima, asubuhi ya pili uende sokoni. Watafurahi kuliko wangeburutwa msituni.

Ukiwa na usiku mbili na kundi la vijana: siku ya kwanza kama ile ya juu, siku ya pili Magamba njia ndefu ya kutwa, au Vuga ikiwa wamesoma historia na wanaipenda. Usijaribu kubana Mtae humo.

Usiku tatu ndio unaoruhusu Mtae: mbili Lushoto, mmoja Mtae au Mambo, kisha basi la alfajiri la kurudi. Ukilala Mtae kwa ajili ya Kilimanjaro, hilo basi liache, subiri la baadaye au panga gari la kukufuata, kwa sababu basi linaondoka kabla mlima haujaonekana. Na fedha taslimu toa ukiwa bado Lushoto mjini, kabla hujapanda kwenda Lukozi.